Akina Banting Wawili

Mwaka jana, nikiwa muhula wa pili wa shahada ya uzamili ya historia, nilimpigia simu Mama Mkubwa aliyeko Morogoro. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza siku hizi nasoma nini. Ni nadra mtu wa nyumbani kuniuliza hivyo, basi nikamsimulia habari za mzee mmoja wa London.

Mzee huyo aliitwa William Banting. Ukoo wake ulifanya biashara ya majeneza na mazishi, na ndio waliosimamia mazishi ya wafalme wa Uingereza. Agosti 1862, akiwa na miaka sitini na mitano hivi, Banting alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani karibu kilo 92, na urefu wa sentimita 165 tu. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Ngazi alizishuka kinyumenyume. Alikwisha kujaribu kupiga makasia mtoni, lakini kulimwongezea njaa tu. Alijaribu pia kuoga mvuke na kunywa maji ya chemchemi, akabaki vilevile.

Kilichompeleka kwa daktari William Harvey kilikuwa masikio, maana alianza kuwa kiziwi. Harvey alikuwa amesikiliza mihadhara ya Claude Bernard huko Paris kuhusu ini na sukari. Aliona kuwa mafuta ndiyo yanayobana masikio ya mgonjwa wake, akamkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Akamwachia nyama, samaki, mboga, matunda, kipande kidogo cha mkate mkavu uliochomwa, na divai. Katika muda wa mwaka mmoja hivi Banting alipungua ratili 46, karibu kilo 21, na masikio yakapata nafuu.

Mwaka 1863 alichapisha kijitabu, *Letter on Corpulence*, na nakala za kwanza akazigawa bure. Hakujifanya daktari. Aliandika tarehe, uzito na alichokula, basi. Nadhani ndiyo sababu watu walimwamini. Jina lake liligeuka kitenzi, na Waswidi mpaka leo husema *banta* wakimaanisha kula kwa mpango ili wapungue.

Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Ana kisukari, na amejidunga insulini kwa miaka mingi.

"Kumbe ni mkate!" akasema. "Sasa sisi, mwanangu, si ndiyo ugali huo?"

Nikamwambia ndiyo, ugali nao ni wanga. Tukacheka, tukaagana.

Kesho yake akaacha ugali, wali na viazi. Akawa anakula mchicha, dagaa na mayai. Sindano hakuipunguza, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Usiku wa nne mdogo wangu, mwanawe wa mwisho, alimkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani, nesi mstaafu, alipoona bado anaweza kumeza, akaagiza maji ya sukari haraka. Baada ya muda akarudiwa na fahamu, akauliza kwa nini watu wamejaa chumbani.

Insulini hushusha sukari iliyomo kwenye damu. Kipimo chake kilikuwa kimepangwa kwa mtu anayekula ugali. Ugali ulipoondoka, dawa ilibaki na nguvu zake zilezile.

Nilirudi maktaba nikiwa na aibu, kwa sababu historia niliyomsimulia ilikuwa nusu. Yuko Banting mwingine, Frederick, daktari wa Kanada. Kabla yake, wenye kisukari walikuwa na lishe tu. Daktari Frederick Allen wa New York aliwapunguzia wagonjwa chakula, hasa wanga, mpaka wengine wakabaki mifupa na ngozi. Wengi waliongezewa muda wa kuishi, lakini waliuishi kwa njaa. Mwaka 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best walianza majaribio yaliyoleta insulini. Januari 1922 alidungwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na uzito wa karibu kilo 29. Sindano ya kwanza haikumfaa. James Collip akaisafisha dawa, na siku chache baadaye ikafanya kazi. Leonard aliishi miaka 13 zaidi.

Mimi nilimpa Mama Mkubwa Banting wa 1863 bila kumpa yule wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa ndani ya friji lake mwenyewe. William hakuwa na sindano ya kupunguza. Tena alikuwa na fedha za kula nyama asubuhi, mchana na usiku, jambo ambalo nalo sikumtajia.

Kliniki hawakumkataza kupunguza ugali. Walimpunguzia insulini, wakamwambia apime sukari kila siku na asibadilishe chakula bila kuwaambia. Siku hizi anakula tonge chache na mboga nyingi, na amepungua kilo sita.

Bado tunapigiana simu, na bado ananiuliza nasoma nini. Nikimaliza kusimulia huniuliza kama hiyo ndiyo habari yote. Mara nyingi hulazimika kumwambia kwamba sijamaliza kusoma.