Mitumbwi ya Kabaka: Resi Iliyoanza Kama Gwaride la Vita

Ukimtajia kijana wa Kampala jina la Busabala, atakumbuka One Love Beach, ufuo wa burudani wa mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa, Bobi Wine. Aprili 1875 muziki wa hapo ulikuwa wa ngoma na makafi. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyepaandika kwa jina la Usavara, alikuwa mgeni wa Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda, na mwenyeji wake akaamua kumwonyesha alichonacho katika maji ya Ziwa Victoria: mitumbwi 40 iliyopakwa udongo mwekundu, ikiwa na watu ambao Stanley aliwakadiria kufika 1,200. Manahodha walivaa kanzu nyeupe na vilemba. Mkuu wao alikuwa na koti jekundu, na kichwani tarbushi ya Zanzibar.

Tarbushi ile isiwashangaze wasomaji wa pwani. Wafanyabiashara wao walishafika Buganda tangu miaka ya 1840, enzi ya Suna II, baba yake Mutesa, na Kiswahili kilikuwa kimepata kigoda barazani. Jambo geni kwao lilikuwa ukubwa wa nguvu ya majini iliyokuwa mikononi mwa mfalme wa bara, mbali kabisa na maji ya chumvi.

Leo Waganda wanaposhindana kwa mitumbwi, kila ukoo ukishangilia wa kwake, mashindano hayo huitwa michezo ya utamaduni. Ni sawa, lakini jina hilo linaficha asili yake. Kushindana huko kulikuwa kazi ya dola. Kabaka aliyetaka kujua kama askari wake wa majini wako tayari aliwaita ufukoni akawatazama wakipiga makafi. Wepesi wa mtumbwi ulikuwa jambo la kufa na kupona, kwa sababu adui wa Buganda upande wa mashariki, watu wa visiwa vya Buvuma, nao walikuwa mabingwa wa maji. Mwaka huohuo wa 1875 Mutesa aliwaendea kwa vita, Stanley akiwa pamoja naye. Stanley alihesabu mitumbwi 325, mikubwa na midogo, na kati ya hiyo 230 aliiona inafaa kwa vita. Hata hivyo Wavuma hawakuwa wepesi kushindwa; waliusumbua sana msafara ule mkubwa wa mitumbwi, na vita vikaisha kwa mapatano.

Aliyesimamia mitumbwi ya Kabaka aliitwa Gabunga, ambaye ndiye pia mkuu wa ukoo wa Mamba. Msomaji wa Kiswahili asimfikirie mnyama wa mtoni mwenye meno: mwiko wa ukoo huo ni samaki kamongo, yule anayeweza kupumua hewa na kujifukia topeni ziwa likikauka. Wapiga makafi na mafundi wengi walitoka visiwa vya Ssese, ambako pia kulikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, katika kisiwa cha Bubembe. Hakuna aliyeanza safari ndefu bila kumkumbuka Mukasa, na ukilijua ziwa hili linavyobadilika saa nane mchana hutawacheka.

Mtumbwi wenyewe ndio unaonivutia kuliko vita. Haukuwa gogo lililochongwa tu. Mkuku ulichongwa kutoka mti mmoja mrefu, kisha mbao zikapandishwa pande mbili na kushonwa, naam, kushonwa, kwa nyuzi za mmea zilizopitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwa chuma cha moto. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Matundu yalizibwa kwa nyuzi za migomba, na hiyo ilikuwa kalafati yao. Fundi wa mtepe wa Lamu, aliyeshona mbao zake kwa kamba za nazi, angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Mbele, mkuku ulitokeza nje ya chombo kama pua ndefu, ukichukua pigo la kwanza la mwamba au la mtumbwi wa adui, na juu yake ulisimama mti mwingine uliopambwa kwa pembe za mnyama na shada za nyasi. Mkubwa kuliko yote ambao Stanley aliupima ulikuwa na futi 72, karibu mita 22. Kasoro yake ilikuwa moja: ulivuja. Wapiga makafi walitazama mbele, wawili wawili, na daima alikuwepo wa kufua maji. Tanga hawakuwa nalo. Chombo cha namna hiyo kinakwenda kwa mabega ya watu, na ndiyo maana mashindano yake yalikuwa kipimo cha kweli.

Mwanga, mwana wa Mutesa, alitawazwa mwaka 1884 akiwa kijana, na yeye maji aliyapenda hadi yakamponza. Alikuwa na makazi Munyonyo, ufukoni. Ni huko alikorudi kutoka kuwinda viboko tarehe 25 Mei 1886 akiwa na hasira, na kesho yake hukumu zikaanza dhidi ya vijana wa ikulu waliofuata Ukristo. Waumini wanaokwenda hija Namugongo kila Juni wanajua yaliyofuata: vijana hao waliuawa. Kati ya 1885 na 1888 aliwachimbisha watu ziwa chini ya kilima cha Mengo, akikusudia kuliunganisha na ziwa kubwa ili mitumbwi itoke ikulu hadi Munyonyo. Machifu, watu wenye heshima zao, walilazimishwa kubeba tope, na waliochelewa walitozwa faini. Ziwa la Kabaka lipo hadi leo, katikati ya nyumba na gereji za Ndeeba, halijaunganishwa na chochote.

Septemba 1888 Mwanga akajaribu hila ya mwisho. Aliwaamuru vijana wenye bunduki, Wakristo na Waislamu, wapande mitumbwi, na ikavuma kwamba anataka kuwatelekeza kisiwani wafe njaa. Walikataa kupanda. Siku chache baadaye hakuwa Kabaka tena. Alikimbia kwa mtumbwi kuelekea kusini mwa ziwa. Mwaka uliofuata alirudi kwa maji hayohayo, akapiga kambi kisiwa cha Bulingugwe, mkabala na Munyonyo. Katika historia yote ya Buganda sijui mtu aliyefaidika na mitumbwi na kuumizwa nayo kama huyu.

Wengi hudhani wakoloni wa Kiingereza ndio waliouua utamaduni huu wa mitumbwi kwa amri. Haikuwa hivyo hasa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, meli za mvuke zikaanza kubeba mizigo iliyokuwa ya wapiga makafi. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi: malale. Ugonjwa huo ulioenezwa na mbung'o wa ufukoni uliua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Gavana Hesketh Bell akaamua kuwahamisha watu wote kandokando ya ziwa, na kufikia 1909 visiwa vya Ssese vilikuwa vimehamwa. Walioruhusiwa kurudi miaka mingi baadaye hawakurudi wote. Fundi wa kushona mbao akikaa mbali na maji muongo mzima, mwanawe hujifunza kulima. (Gavana huyo ndiye aliyeipa jina bandari ya Port Bell, na bandari ikaipa jina bia ya Bell. Wanaoinywa ufukoni wakitazama mitumbwi hawakosei mahali.)

Pigo la siasa lilikuja tarehe 24 Mei 1966, jeshi la Milton Obote lilipoishambulia ikulu ya Mengo likiongozwa na Idi Amin. Kabaka Mutesa II aliruka ukuta na kutoroka, akafa London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ilikuwa imeshazifuta falme zote. Pasipo Kabaka, nani angepanga mitumbwi ipite mbele ya nani? Ikabaki hivyo hadi Julai 1993, Ronald Mutebi II alipotawazwa.

Mashindano ya sasa yalifufuka chini yake, na sura yake ni nyingine. Vikosi vya jeshi havipo. Koo ndizo zinazoshindana, kama zinavyoshindana katika mpira. Kwangu huu ni uamuzi wa busara. Ukoo unaoishi mbali na maji unalazimika kuwatafuta ndugu zake wavuvi, na mvuvi asiyekuwa na sauti vikaoni anakuwa mtu wa kubembelezwa. Mayowe ya ufuoni siku ya mashindano hayana uhusiano wowote na kumbukumbu za Buvuma.

Kilichopotea ni chombo. Mitumbwi ya leo ni mbao za msumeno, misumari na lami, mitumbwi ileile ya kuvulia sangara ikiwa imeondolewa injini. Hata wavuvi wenyewe walibanwa: mwaka 2017 wanajeshi wa kulinda uvuvi walianza kuzunguka ziwani, chombo kilichokuwa chini ya futi 28 kikahesabiwa haramu, na vingi vilichomwa moto mbele ya wenyewe. Kwa hiyo ziwa lilirudi chini ya askari, ila safari hii walitumia boti za injini, na wapiga makafi ndio waliokimbia.

Ningekuwa na sauti Mengo, ningeomba daraja moja tu liongezwe kwenye resi: mtumbwi wa kushonwa. Picha za zamani na maelezo ya wamisionari yapo, miti ipo, na Ssese haijakosa wazee wanaojua kutumia shoka na tezo. Ungevuja, bila shaka, na anayefua maji angechoka kabla ya wapiga makafi. Ukifuata vipimo vya Mutesa ungepita kanuni ya futi 28 mara mbili na zaidi. Ingebaki tu kuutafutia leseni.