UZI: Polisi atajuaje dereva amelewa? Na mwenye usingizi je?

1. Kila baada ya ajali kubwa tunasikia hotuba mbili. Moja inasema Alcoblow irudi na faini ipande. Nyingine inasema hiyo ni njia ya polisi kula tu. Zote zinaruka swali ambalo sheria imehangaika nalo zaidi ya miaka mia: ukimsimamisha dereva, unathibitisha aje kwamba hakufaa kuendesha? Twende polepole.

2. Mwanzo ilikuwa macho ya askari. London, Septemba 1897, dereva wa teksi ya umeme, George Smith, aligonga jengo akiwa amelewa. Alikiri, akatozwa faini. Rahisi. Shida ni yule asiyekiri. Sheria ya barabara ya Uingereza ya 1930 ilisema kosa ni kuwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Sasa nani anajua umeshindwa? Askari anasema macho yalikuwa mekundu na mwendo wa kuyumba. Wakili anasema mteja wake alikuwa na homa. Hakimu anabaki kukisia.

3. Maneno hayo yalipanda meli yakaja kwetu. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, ilianza kutumika 1954, mkoloni akiwa bado hapa. Kifungu cha 44 kiliyabeba karibu neno kwa neno. Bendera ilibadilika 1963, kifungu kikabaki.

4. Wenyewe lakini walihama. Mwaka huo huo wa 1954, Robert Borkenstein wa polisi wa Indiana, Marekani, alitengeneza kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi. Mwaka 1967 bunge la Uingereza likaandika kosa jipya: ukizidisha miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, una hatia, hata kama unaendesha vizuri. Swali likatoka kwa “ameshindwa?” likawa “amezidisha?” Na kumbukeni hili: waliliandika kwenye sheria yenyewe.

5. Kenya tulipitia mlango wa nyuma. Mwaka 2011 waziri alitunga kanuni za kipimo cha pumzi: mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, kiwango kile kile cha Uingereza. Desemba 2013 Alcoblow ikaingia barabarani. Kesi zikafuata. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni haziwezi kuunda kosa ambalo sheria mama haina. Sheria mama ilikuwa bado inauliza kama dereva ameshindwa kulimudu gari, na namba peke yake haijibu swali hilo.

Hapa ndipo watu huchanganya. Korti haikusema kunywa na kuendesha ni sawa. Ilisema kazi ya bunge ifanywe na bunge.

6. Tukuje kwa usingizi. Huu hauna kifaa cha kupuliza. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walichapisha matokeo kwenye jarida la Nature: mtu akikaa macho saa 17, utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu. Dereva aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi anafika hapo saa tano usiku. Atapuliza, pumzi safi kabisa, askari atampungia mkono aende.

7. Je, sheria haikujua? Ilijua. Ile ya 1930 iliyotupa kifungu cha ulevi ilikuwa pia na kifungu cha uchovu: dereva wa basi au lori asiendeshe mfululizo zaidi ya saa tano na nusu, wala zaidi ya saa 11 kwa siku. Na haikumfunga dereva peke yake. Ilimkamata pia mwajiri anayemtuma. Baadaye Ulaya ikalazimisha kifaa ndani ya gari kinachorekodi saa za kuendesha na za kupumzika, ili askari asome rekodi badala ya kusoma uso wa mtu.

Sisi tuna sheria nzuri kwenye karatasi: dereva wa gari la abiria asipite saa nane ndani ya saa 24. Lakini kwenye kizuizi, askari atazijuaje saa hizo bila rekodi anayoiamini? Na dereva anayedaiwa pesa ya mwenye gari kila jioni atasema ukweli?

8. Tarehe 31 Desemba 2017, ajali ya Migaa kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret iliua watu 36. Siku hiyo hiyo mabasi ya masafa marefu yakapigwa marufuku kusafiri usiku. Marufuku ilifunga saa za barabara. Saa za dereva haikuzigusa. Dereva aliyechoka mchana bado ni dereva aliyechoka.

9. Sasa, faini kubwa. Pale ushahidi ni neno la askari tu, faini ikipanda, bei ya kuachiliwa nayo inapanda. Faini ya elfu kumi utaimaliza na elfu moja kando ya barabara. Ya laki tano? Jaza mwenyewe. Adhabu kali inafanya kazi pale kuna kitu kilichoandikwa ambacho askari hawezi kukifuta: namba iliyochapishwa na mashine, au rekodi ya saa.

10. Kwa hivyo akija mtu kwenye jukwaa na ahadi ya “kumaliza ajali”, awe wa upande wowote, muulizeni: kiwango cha pombe utakiweka kwenye sheria au kwenye kanuni? Saa za dereva zitarekodiwa na nani? Na basi likianguka dereva akiwa ameendesha saa 14, mwenye basi atasimama kizimbani naye, au atatuma rambirambi tu?