Nambari 173030 na mamlaka ya root

Katikati ya miaka ya 1970, fundi aliyetaka kufanyia matengenezo kompyuta yenye mfumo wa Unix alianza na swichi kabla ya kibodi. Uso wa mashine ya PDP-11 ulikuwa na safu ya swichi ndogo za kupandisha na kushusha. Alizipanga zisomeke 173030. Mfumo ulipoamka, programu iitwayo init ilizisoma, na ilipoikuta nambari hiyo haikuwaruhusu watumiaji wengine kuingia. Ilimkabidhi aliyekaa kwenye konsoli, yaani kituo kikuu cha kuandikia amri, uwezo wote wa root papo hapo, bila kumwuliza nywila.

Root ni mtumiaji mwenye nambari 0. Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianzisha mwaka 1969 katika maabara za Bell kule New Jersey, ilikuja kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, kila faili likiwa na mwenyewe na ruhusa zake. Root peke yake hazuiwi na ruhusa hizo: anaweza kusoma, kubadili na kufuta kazi ya yeyote.

Kwa nini basi ilibidi fundi awe peke yake kwenye mashine wakati wa matengenezo? Sababu ilikuwa diski. Ili kwenda haraka, Unix haikuandika kila badiliko pale pale. Iliyaweka kwenye kumbukumbu kwanza, ikayamwaga kwenye diski kila baada ya sekunde 30 hivi. Umeme ukikatika katikati, hesabu za diski zilivurugika. Kipande kimoja kilidaiwa na mafaili mawili, au kilionyeshwa kuwa kitupu ilhali ndani yake mna kazi ya mtu. Kuzisahihisha wakati watu wanaendelea kuandika ni kama kuhesabu mali ya duka huku wateja wananunua: hesabu haitulii, na kila sahihisho laweza kuzua kosa jipya. Toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, lilikuwa na programu za ukaguzi kama icheck na dcheck, lakini fundi ndiye aliyepaswa kujua la kufanya na majibu yake. Baadaye T. J. Kowalski, naye wa maabara za Bell, aliandika fsck, inayokagua hatua kwa hatua na kuomba idhini kabla ya kurekebisha. Programu hiyo iliokoa kazi nyingi za watu, na jina la mwandishi wake lastahili kutajwa zaidi kuliko linavyotajwa.

Toleo la saba, mwaka 1979, liliachana na ile nambari. Mashine iliamka ikiwa ya mtu mmoja kila mara. Fundi akisharidhika, alibonyeza Control-D na wengine wakaruhusiwa.

Ulinzi wa mpango huu ulikuwa mlango wa chumba cha kompyuta. Aliyeifikia konsoli alihesabiwa kuwa mwaminifu. Mashine zilipohamia kwenye meza za maofisi na maabara za wanafunzi, imani hiyo haikutosha tena. Mifumo ya BSD, iliyotokana na Unix, ikamwezesha fundi kuandika katika faili la /etc/ttys kwamba konsoli si salama, na init ikaanza kudai nywila ya root hata wakati wa matengenezo. Linux, mfumo unaofanana na Unix, nayo ina programu ya sulogin kwa kazi hiyo hiyo. Kwa kazi za kila siku, sudo, iliyoandikwa karibu mwaka 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer katika chuo kikuu cha Buffalo, humpa mtu uwezo wa root kwa amri moja moja. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilifika mbali zaidi: tangu toleo lake la kwanza la 2004 huifunga akaunti ya root.

Kwangu, kudai nywila kulikuwa uamuzi sahihi, lakini kuna gharama yake: mwenye seva aliyeisahau hufungiwa nje siku anapoihitaji zaidi. Wewe unayetunza seva ya shule, zahanati au ofisi, hakikisha leo kwamba nywila ya root inajulikana na zaidi ya mtu mmoja mwaminifu, na kwamba imehifadhiwa nje ya seva yenyewe.