Ndege Iliyoishia Tabora

Wapenzi wa ndege za zamani wana mchezo wao: unapewa picha iliyofifia, unaulizwa hii ni ndege gani, iko wapi, mwaka gani. Tabora nayo ina swali lake katika mchezo huo, na ni rahisi kulikosea.

Februari 1920, ndege mbili aina ya Vickers Vimy zilikuwa zikishuka Afrika kutoka Uingereza kwenda Cape Town. Moja ni Silver Queen ya Pierre van Ryneveld na Quintin Brand. Nyingine ilikodiwa na gazeti la The Times, marubani wakiwa Cockerell na Broome, na abiria wao Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama. Ndege hiyo ya pili ndiyo iliyoanguka Tabora tarehe 27 Februari ilipokuwa ikiruka. Wote walisalimika, lakini safari ikafia hapo, siku 34 baada ya kuondoka Brooklands.

Sasa utazitofautishaje? Zote zina mabawa ya juu na chini, injini mbili za Rolls-Royce, mkia wenye usukani pacha. Usiangalie mabawa basi, angalia tumbo. Silver Queen ilikuwa ya kivita, kiwiliwili chembamba. Ile ya Tabora ilikuwa Vimy Commercial, yaani ya abiria: kiwiliwili kinene cha mviringo, pua butu, madirisha ubavuni. Namba yake ya usajili ni G-EAAV. Ukiona tumbo nene, hiyo siyo Silver Queen hata kidogo.

Lakini kwa nini Tabora? Hapo ndipo swali linapokuwa la historia. Kabla ya ndege hizo, Jeshi la Anga la Uingereza lilituma timu tatu kupima njia ya Cairo hadi Cape Town na kuandaa viwanja. Isingewezekana kupitia hapa kama Wajerumani wasingeshindwa. Tabora yenyewe ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916. Na waliopima walijikuta wanarudi kwenye hesabu za misafara. Msafara kutoka Bagamoyo ulihitaji kituo chenye maji, chakula na watu wa kubeba mizigo, na Tabora ndiyo ilikuwa njia panda: magharibi unakwenda Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Ndege ya 1920 nayo haikufika mbali bila kutua. Ilitaka petroli, maji ya kupoza injini na uwanja mpana, na reli ilishafika Tabora tangu 1912. Kumbe ndege ilikuwa msafara mwingine tu, wenye haraka zaidi.

Viwanja hivyo havikujitengeneza. Vibarua waling'oa miti, wakabomoa vichuguu, wakasawazisha ardhi kwa jembe. Tunajua namba ya ndege, tunajua majina ya marubani, hata ya mafundi wao wawili. Ya vibarua hayamo kwenye simulizi hizo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wapagazi wa Kinyamwezi: wazungu waliobebewa mizigo wakaitwa wagunduzi, waliobeba wakabaki idadi.

Van Ryneveld na Brand walifika Cape Town tarehe 20 Machi, japo kwa ndege ya tatu, baada ya kuvunja mbili njiani. Na mwaka 1932, Imperial Airways ilipoanza kubeba barua hadi Cape Town, ilipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Njia panda ya misafara ikaachwa pembeni.

Kwa hiyo ukipata picha ya ndege ya zamani iliyopigwa Unyamwezi, hesabu injini, tazama pua, soma namba ubavuni. Kisha watazame waliosimama kando ya gurudumu. Ndege tunaweza kuitambua hata kwa mkia wake tu. Hao wanahitaji mtu wa Tabora, mwenye bibi au babu anayekumbuka sura, na muda unakwenda.