Chakula cha Mchana cha Mfanya Kazi wa Dar es Salaam

Mtu apitaye alfajiri katika vituo vya mabasi vya Temeke au Kinondoni atawaona watu wengi wenye vifuko mikononi, na ndani ya kila kifuko mna bakuli lenye mfuniko. Hicho ni chakula cha mchana. Wako waonao haya kukibeba, wakidhani ni dalili ya ufukara. Sisi tukizitazama habari za mji huu twaona vingine. Swali la nani amlishe mfanya kazi saa ya adhuhuri ni la zamani sana, na majibu yake yamegeuka mara nyingi.

Kabla mji haujakuwako, wapagazi waliotoka pwani kwenda bara walipewa posho na mwenye msafara. Kipimo cha desturi kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, na penginepo walipewa nguo wakanunue chakula njiani. Yaani, aliyemtumikisha mtu ndiye aliyemlisha. Neno posho tunalo hata leo, ingawa mara nyingi maana yake sasa ni fedha.

Sultani Majid bin Said alianza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wadachi wakaifanya makao ya serikali yao mwaka 1891, na Waingereza wakaitwaa mwaka 1916. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika vita vile, waliopiga kambi pale. Baadaye Waafrika wengi wa mjini walikaa Kariakoo, na kutoka huko hata bandarini mtu huenda kwa miguu. Aliyekaa karibu na kazi yake hakuwa na haja kubwa ya kubeba bakuli.

Lakini tumbo halikosi shida kwa kuwa karibu na nyumbani. Wachukuzi wa bandari waligoma mwaka 1939, tena 1943, tena 1947, na mgomo huu wa mwisho ulienea kwa njia ya reli hata bara. Katika vita vya pili bei za vitu zilipanda na vyakula vikagawiwa kwa kipimo. Walidai mshahara, na mshahara wa kibarua, ukiuchunguza, ni chakula tu.

Baada ya vita hivyo serikali ilijenga nyumba za Waafrika Ilala, Temeke na Magomeni. Mji ukapanuka, na umbali ukaongezeka. Mtu wa Temeke afanyaye kazi bandarini atarudije adhuhuri ale na watoto wake, kisha awahi tena kazini? Ndipo chakula nacho kikawa msafiri.

Na si kila chakula kiwezacho safari. Wajuzi wa jambo hili ni wapishi wenyewe. Wali wa nazi ni mtamu, lakini katika joto la pwani huchacha upesi; maharage ya nazi vilevile. Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, chapati, au ugali na dagaa wa kukaanga, hivi huvumilia zaidi. Mchuzi ni adui wa nguo za abiria mwenzio. Kiporo cha jana hupashwa moto hasa, si kuvuguvugu. Kwa hiyo mtu huamka saa kumi usiku, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, ambaye saa zake hazihesabiwi katika mshahara wa yeyote.

Katika miaka ya 1980 mishahara haikutosha tena, na wanawake wengi wakatoka na masufuria yao wakauza chakula karibu na viwanda na majengo. Waliitwa mama ntilie, kwa sababu mlaji husema “nitilie”. Siku hizi huitwa mama lishe, jina lenye heshima zaidi. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwasumbua wasio na kazi iliyotambuliwa, wachuuzi wakiwamo. Jambo la ajabu, kuwaita wavivu watu walioulisha mji!

Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendo kasi huwachukua watu kutoka Kimara hata Kivukoni. Safari imefupika, lakini haijafupika kiasi cha kumrudisha mtu nyumbani adhuhuri. Bakuli lasafiri naye bado, limesimama wima katikati ya miguu ya mwenyewe, mfuniko umefungwa kwa kitambaa.