Indiketa, Globu na "Upande wa Karibu"

Msafiri atokaye Kahama kwenda magharibi hufika Nyakanazi, katika Wilaya ya Biharamulo, penye njia panda. Njia moja yashika upande wa Kakonko na Kibondo hadi Kigoma. Nyingine yaendelea mpaka Lusahunga, ambako yagawanyika tena, moja kwenda Biharamulo na nyingine kwenda Ngara na mipaka ya Rusumo na Kabanga. Malori ya Tanzania, Rwanda na Burundi hukutana hapo. Kwa mtu ashughulikaye na istilahi, ni mahali pa kusikiliza.

Tulisimama hapo na gari dogo ambalo indiketa yake ilikuwa ikimweka upesi kuliko desturi. Kanuni za kimataifa zataka taa hiyo imweke baina ya mara 60 na 120 kwa dakika. Katika magari ya siku hizi, globu moja ikiungua, zilizosalia za upande ule huenda mbio, na hiyo ndiyo njia ya gari kumwarifu dereva wake. Magari ya zamani, yaliyotumia flasha ya bati lililopindwa na joto, yalifanya kinyume: taa ilichelewa, au iliwaka bila kuzima. Tuliteremka tukaona kwamba taa iliyokufa ni ya mbele, upande wa kushoto.

Tulikuwa na kijitabu cha maelezo kwa Kiswahili. Tukampa fundi kijana aliyekuwa kando ya barabara, naye akasoma kwa sauti: "Ondoa balbu ya kiashiria cha mbele cha upande wa karibu." Akainua macho. "Karibu na nani, wazee wangu?"

Tukamjibu: kushoto. Yeye alikuwa amesimama akiielekea boneti, akaingiza mkono kushoto kwake, yaani kulia kwa gari, akaitoa globu nzima isiyo na kosa lolote. Hatuwezi kumlaumu. Wala hatuwezi kumlaumu mfasiri mwingine, kwa kuwa kijitabu kile tulikitafsiri sisi wenyewe.

Kosa lilianza katika Kiingereza. Lugha ile huutaja upande wa gari ulio jirani na ukingo wa barabara kuwa ni upande wa karibu, na ule wa katikati ya njia kuwa ni upande wa mbali. Kwa Mwingereza, ambaye huendesha kushoto kama sisi, karibu ni kushoto. Lakini lori likivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda hubadili mkono: huko huendeshwa kulia, na "karibu" huhama pamoja na ukingo. Msemo huo umefungwa katika desturi ya nchi moja, nasi tuliuhamisha neno kwa neno bila kuuliza ukingo uko wapi.

Mafundi walikwisha kulitatua jambo hili kabla yetu. Wao husema "upande wa dereva" na "upande wa abiria". Asimame mtu mbele ya gari au nyuma yake, usukani haumchezi. Hata hivyo maneno hayo nayo yana mpaka wake, maana malori mengi yatokayo ng'ambo ya Rusumo yana usukani kushoto. Kijitabu cha gari la aina moja chaweza kuyatumia bila hofu. Kanuni ya serikali inayoyahusu magari yote haiwezi.

Tukumbuke namna Kiswahili kilivyolipokea gari. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, motokaa zilikwisha kuzoeleka, na majina ya sehemu zake yalikuwa yakizaliwa vinywani mwa madereva na makanika pasipo kamati yoyote. "Gari" lenyewe lilitoka Bara Hindi. "Usukani" ulitoka chomboni: watu waliojua kuongoza jahazi hawakuona haja ya kukopa jina la gurudumu lenye kazi ile ile. Yaliyobaki yakatoholewa kutoka Kiingereza: breki, klachi, tairi, fyuzi, boneti. Twapendezwa hasa na "shokomzoba", neno lililogeuzwa mno hata mwenyewe asingelitambua. Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967 halikukuta shamba tupu. Lilikuta mazao yamekomaa, na kazi iliyofaa ilikuwa kuchagua zaidi kuliko kupanda.

Indiketa ilichelewa kuja kwa sababu chombo chenyewe kilichelewa. Dereva wa mwanzo alitoa mkono dirishani. Katika miaka ya 1930 magari mengi ya Ulaya yaliwekewa kijimkono kilichochomoza ubavuni na kuwaka taa ndani yake. Kampuni ya Buick ya Marekani ilianza kuuza magari yenye taa za kumweka mwaka 1939, na katika miaka ya 1950 vijimkono vikaanza kutoweka. Madereva wetu wakachukua "indiketa". Wafasiri wakaleta "kiashiria", neno lililoundwa vizuri kutokana na kuashiria, lakini sasa limeajiriwa na wachumi na walimu: tuna viashiria vya umaskini, na viashiria vya ufaulu. Wako pia wasemao "taa ya kugeukia".

Hili la mwisho twalipinga, na sababu yake yaonekana katika barabara ya Nyakanazi. Dereva wa lori zito akiwasha taa ya kulia hali hana mahali pa kugeukia, humwambia aliye nyuma asipite. Akiwasha ya kushoto humwambia apite. Usiku huwasha ya kulia akikutana na mwenziwe, ili kuonyesha mwisho wa ubavu wake. Desturi hii ina hatari, kwa kuwa taa ile ile ya kushoto yaweza kumaanisha "pita" na pia "ninakata kona", na atakayekosea kuisoma huenda asipate nafasi ya kuuliza. Lakini ndivyo taa itumiwavyo. Neno linaloitaja kwa kugeuka peke yake lamficha mwanafunzi wa udereva nusu ya anayopaswa kuonywa.

Jambo la rangi nalo si dogo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 wataka taa hizi ziwe na rangi ya kaharabu. Kiswahili kina neno hilo tangu zamani, ingawa barabarani husemwa "njano". (Waarabu huuita umeme kwa jina litokanalo na kaharabu, kwa vile kaharabu ikisuguliwa huvuta makapi, Waswahili wakauita kwa jina la umeme wa mawinguni.) Zamani kioo cha nje ndicho kilichokuwa na rangi, na globu yake ilikuwa nyeupe. Magari mengi ya sasa yana kioo cheupe na globu yenye rangi, na watengenezaji wamezipanga pini zake zisikabiliane, ili globu nyeupe isiingie katika holda yake. Mfasiri aandikaye "balbu mpya" tu humtuma msomaji dukani bila kumwambia anunue nini.

Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na maneno haya hayawezi tena kuachwa gereji. Maoni yetu ni kwamba sheria iseme "taa ya ishara", vitabu vya mafundi viseme "indiketa" na "globu", na upande utajwe kuwa "kushoto kwa gari" au "kulia kwa gari", baada ya kueleza mara moja kwamba ni kwa mtu aliyekaa ndani akitazama mbele.

Fundi wetu aliirudisha globu nzima mahali pake, akazunguka upande wa abiria, akaizungusha holda kinyume cha saa na kuivuta. Globu ilikuwa nyeusi kama iliyopakwa masizi. Akaisukuma ndani kidogo, akaizungusha, ikatoka. Mpya ikaingia kwa namna ile ile. Kijitabu alikwisha kukiweka juu ya betri. Tulipofika Ngara jioni tulikipitia tena kwa kalamu, na "upande wa karibu" tumeufuta kila ulipokuwa.