Mali ya Watu ni Amana: Wajibu wa Maafisa wa Fedha

Mtu anapompa afisa wa benki hati ya nyumba au akiba yake ya miaka mingi, anamkabidhi kitu ambacho yeye mwenyewe hana njia ya kukilinda. Hapa kwetu Pwani jambo hilo tunaliita amana. Afisa wa mikopo, ajenti wa bima, karani wa Sacco na mhasibu wote wamebeba amana. Huu hapa ni wajibu wao ambao naona kila mteja anafaa kuujua.

Kwanza, kusema ukweli wote. Ukiomba mkopo wa Sh300,000 ukaambiwa utalipa Sh11,500 kwa mwezi kwa miezi 36, utaona ni nafuu. Ukiambiwa jumla yake ni Sh414,000, utafikiri mara mbili. Afisa aliyetaja hesabu ya kwanza pekee hajasema uongo, lakini ameficha.

Mdhamini naye ana haki hiyo hiyo. Nimewahi kuwasomea wazee barua za mikopo zilizoandikwa kwa Kiingereza kitupu, na aliyetia kidole hajui kwamba mwanawe akishindwa kulipa, nyumba itapigwa mnada. Sahihi ya namna hiyo huenda ikasimama mahakamani, lakini mbele ya dhamiri haisimami.

Pili, kumweleza mteja sheria inayomlinda. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinasema mkopo ukishaharibika, riba itakayodaiwa isizidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Kama ulibakisha Sh100,000, riba haiwezi kupita Sh100,000, ingawa gharama za kudai zinaweza kuongezwa. Wadaiwa wengi hawalijui hili, na anayewadai analijua vyema.

Tatu, kutunza siri. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kanuni za Benki Kuu za 2022 nazo zinawakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa au kuwapigia jamaa na marafiki zake ili kumwaibisha.

Nne, kutotanguliza kamisheni. Ajenti anayekuuzia bima isiyokufaa kwa sababu inamlipa zaidi anakula jasho lako.

Tano, na hili linatugusa Waislamu, jina la halali lilingane na kitendo. Katika murabaha benki hununua bidhaa, ikaimiliki, kisha ikakuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Afisa anayekutilisha sahihi karatasi zote kwa kikao kimoja kabla bidhaa haijanunuliwa amekuuzia asichokuwa nacho.

Sita, kutonyamazia wizi. Oktoba 2015 Benki Kuu iliiweka Imperial Bank chini ya mrasimu, na ikabainika kuwa ulaghai ulikuwa umefichwa kwa miaka. Wakati huo bima ya amana za benki ilikuwa Sh100,000 tu kwa mteja. Ilipandishwa hadi Sh500,000 mwaka wa 2020. Ulaghai wa kiasi hicho hauwezi kufanywa na mtu mmoja pekee. Lazima kuna waliopitisha hesabu na waliofumba macho.

Najua maafisa wengi ni vijana wetu, wamewekewa malengo ya kila mwezi na wanaogopa kufutwa kazi. Kwa hiyo lawama isiwaishie wao. Meneja anayeweka malengo yasiyofikika ila kwa hila ana sehemu yake kubwa zaidi.

Ewe msomaji, kabla ya kutia sahihi uliza mambo matatu: jumla nitakayolipa ni ngapi, nikishindwa kutafanyika nini, na wewe unapata nini nikikubali? Omba nakala ya mkataba, uende nayo nyumbani. Ukidhulumiwa, andika malalamiko kwa taasisi yenyewe na utunze nakala. Wasipokujibu, peleka suala la benki au mkopo wa simu kwa Benki Kuu, la bima kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), la Sacco kwa SASRA, na la siri zako kwa Kamishna wa Kulinda Data. Afisa mwaminifu hatachukizwa na maswali yako. Akichukizwa, chukua hati yako uondoke.